Maliza Bamvua Hili

Siku binti yangu alipoondoka kwenda kuwa kuruta, nilichukua kipande cha mkaa nikapiga mstari kwenye ukuta wa nyuma wa duka langu pale Wete, penye marobota ya nyavu. Mke wangu alipouona aliuliza ni deni la nani. Nikamwambia ni bamvua la kwanza.

Sisi watu wa Kojani, kisiwa kilicho kando ya Pemba, hesabu yetu ni maji. Mwezi ukiandama lipo bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, ukiwa mpevu lipo jingine, na baina yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Nimehesabu hivyo karibu miaka ishirini nikiwa dago. Kwa asiyejua, dago ni makaazi ya muda ya wavuvi waliohama: mnapakia nyavu, masufuria, unga na mikeka ndani ya mashua, mnakwenda kukaa kwenye ufukwe wa watu mwezi, miwili, hata mitatu, mnavua na kuuza, kisha mnarudi na mlichojaaliwa. Nimekaa Shimoni, nimekaa Moa, nimekaa Mafia. Kisiwa chetu ni kidogo na watu ni wengi. Shamba letu ni bahari, na shamba hilo humtaka mtu alifuate liliko.

Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa kuondoka. Kubaki ilikuwa kazi ya mke wangu. Hata siku moja sikumuuliza kazi hiyo hufanywaje.

Binti yangu alitaka KMKM, na hakutaka kingine. Msomaji wa Bara huenda akachanganya, basi niseme kidogo. Wanamaji wa Jamhuri ya Muungano wako ndani ya JWTZ, katika Kamandi ya Wanamaji. KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, miongoni mwa idara zake maalum pamoja na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Makao makuu yake yako Kibweni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Siku hizi kazi yake ni doria na uokozi kama ilivyo kuzuia magendo, lakini jina limebaki la zamani, na magendo yaliyokusudiwa hasa ni ya karafuu. Bei ya Mombasa ikipanda kuliko ya huku, magunia yalivuka usiku. Marehemu baba yangu hakupenda kuulizwa habari za miaka hiyo. Kwa kizazi chake herufi hizo nne zilikuwa mlio wa mashine gizani. Kwa kizazi changu zilikuwa timu ya mpira tuliyoisikia redioni. Kwa binti yangu zilikuwa na maana nyingine, na maana hiyo ina tarehe.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba. Zilikuwa zimepita siku chache tu baada ya Idi, watu wanarudi makwao, na meli ilikuwa imepakia watu kupita mno kiasi chake. Maiti 203 zilipatikana. Tume iliyochunguza ilisema baadaye kuwa wasioonekana ni zaidi ya 1,300. Mdogo wangu wa kike ni mmoja wao. Nilivuka kwenda Unguja, nikafika viwanja vya Maisara ambako maiti zililazwa ili watu wawatambue jamaa zao, nikafunuliwa shuka moja baada ya nyingine. Hakuwemo.

Niliporudi nyumbani watu wazima walinipa pole. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alinifuata nyuma ya nyumba nilipokwenda kukaa peke yangu. Akaniuliza, "Baba, wale waliotoka hai, nani aliwatoa?"

Nikamwambia, "Wavuvi wa Nungwi. Na KMKM."

"Shangazi alikuwa hajui kuogelea?"

"Alikuwa hajui."

"Na mimi sijui."

Sikumjibu. Na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo panaponiuma zaidi katika habari hii yote. Kaka zake wawili niliwafundisha kuogelea. Kila mmoja nilimshusha ubavuni mwa ngalawa alipofika miaka sita, mkono wangu chini ya tumbo lake, mpaka siku niliyouondoa mkono naye asijue. Yeye na mdogo wake sikuwafundisha. Hakuna aliyenikataza, wala dini haikunikataza. Halikunijia tu. Mtoto wa kike wa kwetu anaijua bahari ikiwa imepwa: huchokoa pweza, hutanda dagaa kwa kanga, humfuata mamaake kwenye mwani. Maji yakijaa hurudi nyumbani. Mamaake mwenyewe ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989 na waliokibeba zaidi ni wanawake. Mke wangu amefunga kamba zake maji yakiwa ya kiuno na ya kifua tangu kabla sijamuoa, na kuogelea hajui. Nilikuwa nikimwacha nyumbani na bahari ile mlangoni, nami nikienda kuvua kwingine. Kule Nungwi mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea, wakiingia majini na mavazi yao ya stara. Niliposikia habari zao nilisema ni jambo jema. Nikaendelea kuuza nyavu.

Binti yangu hakusahau. Alipomaliza kidato cha nne aliomba, akakosa. Akaomba tena. Wenziwe wengine waliingia JKU kwanza ili wapate njia, yeye akakaa nyumbani kumsaidia mamaake, kila alfajiri anakimbia barabarani kwa raba za kaka yake zilizomzidi mguu. Barazani waliniuliza nani atamuoa mwanamke aliyezoea kupiga kwata. Mzee mmoja pale, mvuvi wa zamani kuliko sote, ndiye aliyewanyamazisha: "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu babaake ni wa baharini, mlitaka aende wapi?" Baada ya hapo hawakuniuliza tena, angalau si mbele yangu.

Orodha ya vitu vya kuchukua ilipokuja, tuliifanyia kazi nyumba nzima. Ndoo, kufuli, raba, soksi, shuka, sabuni. Mamaake akaongeza sindano na uzi, kanga mbili, chupa ya mafuta ya nazi na kopo la visheti ambalo sote tulijua halitafika mbali. Bibi yake, yaani mama yangu, aliomba asomewe orodha mara mbili, kisha akauliza mbona hakuna chumvi. Alituandalia chumvi kila tulipokwenda dago. Kwake hakuna safari isiyo na chumvi. Tukaifunga kwenye karatasi, tukaitia ndani ya soksi. Usiku ule ilisomwa Yasini. Alfajiri nilimvusha kwa mashua mpaka ng'ambo, nikampandisha gari ya Mkoani kwenda kuchukua boti, na hatukusema maneno mengi.

Bamvua la kwanza lilipita kimya. Simu zilikusanywa, tulikuwa tumeambiwa. Nilidhani mtu aliyezoea bahari hawezi kusumbuliwa na kimya cha siku kumi na tano. Wallahi nilikuwa sijui nisemalo. Mimi dagoni nilikuwa najua niko wapi na mawimbi yakoje. Mwenye kubaki hajui. Mvua ikinyesha Wete nilijiuliza kama inanyesha na kwao. Nikiona kijana amevaa nguo za kazi za kikosi chochote, namwangalia viatu. Nilikuwa nafungua duka, nauza mishipi na ndoana, nafunga, na katikati sikumbuki kitu. Mke wangu aliendelea na mwani wake, akirudi anapika, anacheka na jirani. Nilimwona kama hana habari. Nilimwonea hasira, na hasira hiyo haikuwa na haki hata chembe.

Simu ya kwanza ilikuja Ijumaa baada ya sala, kwa namba tusiyoijua. Dakika chache tu. Mke wangu alikuwa ameniusia nisimuulize kama analia. Muulize amekula nini, alisema, muulize amelala wapi, muulize kama anapata kusali. Nikamuuliza hayo matatu. Wali na maharage. Bwalo kubwa, vitanda vya juu na chini. Wanasali. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyeshinda anaitika, na nilielewa sababu: wanaimba wakikimbia, wanaitika wakiitwa, wanahesabu kwa sauti.

Simu ya pili ndiyo iliyonijaribu. Alisema salamu, kisha akasema, "Baba, njooni mnichukue."

Nikasema, "Nakuja."

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, na simu ikakatika. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu. Mke wangu alikuwa kwenye kibaraza anafumua kamba za mwani zilizojifunga, hakuinua hata kichwa.

"Kaa," akasema.

"Mtoto anataka kurudi."

"Nimesikia. Kaa. Wewe ulipotaka kurudi, mamaako alikwambia nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, dago langu la kwanza, Mafia. Mikono imechubuka kwa kamba, nalala na homa, na nahodha hakuwa mtu wa maneno mazuri. Nilimtuma mvuvi mmoja aliyekuwa anarudi Pemba amwambie mama kwamba nataka nyumbani. Alipokuja tena aliniletea mfuko wa chumvi na maneno haya: "Mamaako anasema, kitanda chako kipo, chakula chako kipo, na hakuna atakayekucheka. Maliza bamvua hili, kisha uamue." Nililimaliza. Lilipokwisha homa ilikuwa imeondoka, mikono imekomaa, na sikuona sababu ya kurudi kabla ya wenzangu.

Nilishangaa mke wangu anayajua maneno yale. Sikumbuki kumsimulia. Nikamuuliza aliyapata wapi.

"Kwa mamaako," akasema. "Uliniacha mwezi wa pili wa ndoa ukaenda Shimoni. Nilifunga nguo zangu nirudi kwetu. Mamaako alinikuta mlangoni na furushi. Hakuninyang'anya. Aliniambia kitanda cha kwenu kipo, chakula cha kwenu kipo, maliza bamvua hili kisha uamue." Akavuta kamba moja ikafumuka. "Nimeyamaliza mangapi mpaka leo, mimi sikupiga mistari."

Nilikaa. Sikuwa na la kusema wakati ule, na hata leo ninapoandika nalitafuta la kusema silipati. Miaka ishirini mwanamke huyu alikuwa anaamua upya kila baada ya siku kumi na tano, na mimi nilidhani aliamua mara moja tu, siku ya nikaha.

Wiki nzima tulingoja simu nyingine. Katika wiki ile nilijaribiwa kwa namna ya pili: yupo jamaa yetu wa mbali anayefahamiana na wakubwa, nami niliishika namba yake kwenye simu mara tatu nimwombe awaambie wamlegezee mtoto. Sikupiga. Kuruta anayejulikana kuwa ametetewa huwatia wenziwe chuki bila kutaka, na siku bahari itakapochafuka haitauliza babaake anamjua nani. Vilevile nimewasikia wazazi wanaomwambia mtoto, "Usinitie aibu, ukirudi usije kwangu." Siwaungi mkono. Mtoto aliyefungiwa mlango atabaki kwa hofu, na mwenye hofu huumia akaficha jeraha mpaka likaoza. Maneno ya mama yangu yana sehemu mbili, na ukiitoa ile ya kitanda na chakula, ile ya bamvua haina nguvu.

Simu ilipokuja aliipokea mamaake. Alimwambia vilevile, neno kwa neno, kama nilivyotumiwa mimi Mafia. Upande wa pili kulikuwa kimya. Kisha nikasikia sauti ya mbali, "Bamvua linaanza lini?" Mamaake akamwambia, "Leo."

Ilipokuja simu nyingine, bamvua lile limepita, aliomba apelekewe soksi. Habari ya kuchukuliwa haikutajwa tena na sisi hatukuikumbusha.

Tangu hapo mke wangu aliweka daftari. Ni daftari la skuli la binti yetu mdogo, na ndani yake tuliandika kila tulichotaka kumwambia, ili dakika zile zisiishie kwenye "na nyinyi hamjambo" na "nasi hatujambo". Paka amezaa watoto wanne. Kaka yako amepata kazi ya kupaka rangi Chake. Mdogo wako amekuwa wa tatu darasani. Mambo madogo. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba hayo ndiyo anayoyataka, kwa sababu mambo makubwa anayo ya kutosha huko aliko. Alituambia na ya kwake: namna ya kutandika kitanda mpaka shuka isionyeshe mkunjo, namna ya kulala umekaa ukitoka lindo, namna kosa la mmoja linavyowafanya wote wakimbie. Hilo la mwisho lilimkera mwanzo. Nilimwambia chomboni nako ni hivyohivyo, mmoja akizembea kwenye tanga wote mnalowa.

Bamvua la sita mama yangu alianguka chooni akavunjika nyonga. Tulimchukua mpaka hospitali ya Wete, na usiku ule swali likawa kama tumwambie mjukuu wake. Mimi nilisema tusimwambie. Amalize kwanza. Mke wangu akanikumbusha jambo nililokuwa nimelizika. Baba yangu alifariki nikiwa dago, na mama aliamuru nisiambiwe mpaka nirudi, kwa kuwa msimu ulikuwa mzuri na nyumba ilikuwa na madeni. Nilishuka pwani nimebeba zawadi ya kumpa baba mkononi, kikoi. Mama alifanya hivyo kwa kunipenda, na katika mengi aliyoyapatia hilo alilikosea. Sikumwambia kamwe kwamba liliniumiza.

Basi Ijumaa ile nilimwambia binti yangu. Nilianza na paka, nikaona najificha nyuma ya paka, nikamwambia moja kwa moja: bibi yako ameanguka, yuko hospitali, anazungumza, hatutakuficha likitokea lolote. Alinyamaza. Akauliza mguu gani. Nikamwambia wa kulia. Akasema, "Mwambieni chumvi yake ninayo bado." Mama alipofikishiwa salamu hizo aliomba ainuliwe, akakaa kitandani kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Kisha ikaja simu ya bahari. Alikuwa anahema kana kwamba ametoka majini sasa hivi, ingawa najua ilikuwa jioni na wameshakula. "Baba, leo nimeogelea. Kutoka kwenye boti mpaka ufukweni, na nguo." Miongoni mwa wasichana walioingia pamoja naye wapo waliofika hawajui hata kuelea, watoto wa visiwani wote. Walianza kwenye maji ya magoti. Alinieleza waliyofundishwa, akaongea haraka ili dakika zimtoshe: kwamba mtu anayezama hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia kelele, utamwona kimya, kichwa nyuma, mdomo unaingia maji na kutoka. Kwamba usimwendee kwa mbele, atakukumbatia mzame wawili. Mpe kitu cha kushika, na kama huna, mfikie kwa nyuma. Nimeishi baharini miaka yote na mambo hayo nilikuwa nayajua nusunusu, kwa kuyaona. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa maneno. Nilipoweka simu chini nilimfikiria mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza niliweza kumfikiria bila kusikia sauti yake inaniita, maana katika ndoto zangu zote alikuwa anaita.

Mistari ilifika kumi. Tukaalikwa kwenye gwaride la kufunga mafunzo.

Mke wangu hakuwa amevuka bahari tangu 2011. Harusi za Unguja alituma zawadi, misiba alinituma mimi. Sikumwambia aende, na sikumwambia asiende. Usiku wa kabla ya safari alitoa baibui jipya akalipiga pasi. Katika boti alikaa karibu na mlango, tasbihi mkononi, macho sakafuni. Tulipokuwa tumeiacha Pemba mbali na ncha ya Unguja inaanza kuonekana, aliniuliza, "Ni hapa?" Mvuvi anaijua mikondo, nikamwambia ni upande ule, nikamwonyesha. Alisimama. Nikasimama naye, mkono wangu umeshika chuma cha kiti. Tukasoma Fatiha, na mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yetu, tusiyemjua, akaitikia amin, kisha akaanza kulia naye.

Gwaride lenyewe siwezi kulieleza vizuri. Jua kali, brasi bendi, mistari iliyonyooka kama kamba za mwani, viatu vinapiga chini kwa pamoja. Alipita mbele yetu amekaza shingo na hakutuangalia, kama alivyofundishwa. Mke wangu alikuwa ananishika mkono kwa nguvu, mpaka jioni kucha zake zilikuwa zinaonekana kwenye kiganja changu. Baada ya viapo na hotuba tuliruhusiwa kuwafuata. Alinipigia saluti kwanza. Kisha akanibusu mkono.

Alipopata ruhusa ya kuja nyumbani, alikwenda kwanza kwa bibi yake, ambaye mpaka sasa anatembea kwa kushikwa. Bibi alizipapasa nguo zake, kola, vifungo, maandishi ya kikosi kifuani. Aliomba asomewe. Aliposikia KMKM alinyamaza kidogo, akacheka peke yake, na sababu ya kicheko hicho tunaijua mimi na yeye na marehemu baba.

Siku ya pili alasiri maji yalikuwa yamejaa na upepo umetulia. Binti yangu alishuka pwani na mdogo wake, wote wawili na suruali na mashati marefu, akamlaza majini mkono wake chini ya mgongo. Nilisogea niwasaidie. Akaniambia, "Baba, wewe kaa," kwa adabu, lakini kwa sauti ile mpya. Nikakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Baada ya muda nikasikia nyayo nyuma yangu kwenye mchanga. Mke wangu alikuwa amevaa nguo zake za mwani. Hakusema nami. Alipita akaingia majini, maji yakawa ya magoti, ya kiuno, ya kifua, pale anapopajua miaka yote, na pale ndipo aliposimama akamngoja mwanawe amfikie.

"Mama, jilaze," nikamsikia akimwambia. "Nimekushika."

Jua lilikuwa bado liko juu ya minazi ya ng'ambo. Nikajifunika kanga yake begani, nikangoja.